Ukoka hautaki maji kidogo kila jioni

Hapa Dodoma wengi wanaamini kwamba nyasi za uwanjani zitabaki kijani ukizinyunyizia maji kidogo kila jioni. Sivyo, na inasikitisha kuona maji ya kununua yakipotea hivyo. Maji kidogo hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki hukohuko juu, kwenye joto. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu na upepo haukomi. Mizizi mifupi haiwezi kuhimili. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, alfajiri, maji yazame kama sentimita 15. Choma udongo kwa bisibisi ndefu: ikiingia bila shida, yamefika. Mteremko ukiyatiririsha, simamisha, subiri yanywewe, kisha endelea.

Kwa jua letu ningechagua ukoka kabla ya pasipalamu, aina nyingine ya nyasi ambayo huvumilia kivuli zaidi lakini hudai maji mengi. Ukoka ukikauka kiangazi usiung'oe haraka. Mara nyingi umelala tu, na mvua za Desemba huuamsha. Unapokata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani, maana kunyoa hadi chini huacha udongo uchi.