Moyo Mzito, Moyo wa Shukrani: Patasi Ishikwe Lini

Mpingo hausamehe. Shairi utalifuta, lakini bega la sanamu ukishalikata halirudi, na mti wenyewe umekaa miaka 70 hadi 100 porini kabla ya kufaa kuvunwa. Kwa hiyo, ndugu zangu wachongaji wa Newala, Masasi hadi Kilwa, kuujua moyo wako ni ufundi sawa na kunoa.

Moyo ukiwa mzito, macho huona kasoro tu. Uso umepinda, mkono mfupi. Na mara nyingi ni kweli. Kosa ni kurekebisha papo hapo. Unapunguza shavu la kulia lilingane na la kushoto, kisha la kushoto, na baada ya saa moja kichwa kimekuwa kidogo kuliko kiwiliwili kinavyotaka. Siku hiyo shika chaki. Tia alama kila panapokukera, funika sanamu kwa gunia kavu, iache ilale siku 2. Alama utakayoikubali siku ya tatu asubuhi ndiyo ya kukata. Nyingine zifute.

Mikono isikae bure, lakini. Paka nta vichwa vya magogo mabichi yasipasuke, noa, na hasa piga msasa: namba 80, 120, 240, umalizie 400. Usiruke namba, maana mikwaruzo ya 80 haiondoki kwa 400. Itajitokeza ukishapaka nta. Funga kitambaa puani, vumbi la mpingo linawasha na kubana kifua. Kazi hii haidai uamuzi mkubwa, na weusi unapoanza kung'aa moyo hupata pa kushika.

Shukrani nayo ina hatari yake, ambayo wengi hawaisemi. Siku ya furaha mkono huwa mwepesi na patasi huzama. Kwenye sanamu za mtindo wa ujamaa, watu wanapobebana hadi juu, ndipo viungo vyembamba huvunjika: unatafuta uwazi zaidi kati ya mkono na mbavu, unapiga, kumbe nyuma hapana cha kuegemea. Jaza upenyo kwa kitambaa kilichokunjwa kabla ya kupiga, na sehemu nyembamba zimalizie kwa tupa.

Wapo wanaosema shetani, yaani sanamu ya mizimu yenye maumbo yaliyopindapinda, huchongwa kwa huzuni na ujamaa kwa furaha. Sikubaliani nao. Shetani anadai uchangamfu mwingi, kwa kuwa unafuata mapindo ya gogo bila kujua yanakupeleka wapi.

Tazama na kalenda. Mvua zetu hushika Desemba hadi Aprili. Pesa ya korosho inakuwa imekwisha, wateja wamepungua, na mtu anadhani kipaji kimemkauka, kumbe ni Februari.

Shukrani inayoisaidia kazi ni ile iliyotajwa kwa jina. “Namshukuru Mungu kwa yote” ni dua njema, isemwe, ila kwenye daftari andika kinachoonekana: “Ufa wa begani umeishia kwenye weupe wa nje, haukuingia kwenye kiini.” Mistari 3 kila jioni yatosha. Siku nzito ikifika, soma ya mwezi uliopita kabla ya kugusa tezo.

Uzito ukipita wiki 2 mfululizo, usingizi na chakula vikakataa, hilo si suala la sanamu tena. Nenda hospitali, mweleze daktari kama ambavyo ungemweleza homa. Kazi ifunike gunia; mpingo ukiwa kivulini utakusubiri.