Acheni kuikaza kamba ya nguo

Jumatatu asubuhi kijana mmoja alinikuta karakana sijafungua hata boksi la vijiti vya kuchomelea. "Shikamoo fundi. Mama amenituma. Zile nguzo za kuanikia zimeinama tena. Anasema safari hii uweke bomba nene zaidi, na kamba uikaze kisawasawa."

Nyumba hiyo imeniita kwa jambo hilohilo mara ya pili, na kabla yangu alikwishaitwa fundi mwingine. Nguzo za kwanza zilikuwa za bomba la inchi moja na nusu, zikapinda. Zangu zilikuwa za inchi mbili, zimechimbiwa na kumwagiwa zege, na siku ya kukabidhi nilisema wazi kwamba kamba iachwe ilegee. Haikuachwa. Mtu aliitwa akaivuta kwa koleo mpaka ukiigusa inalia kama uzi wa zeze. Nilipokwenda kuangalia, bomba halikuwa limepinda hata kidogo. Zege lote lilikuwa limeinuka upande mmoja ardhini, kama jino linalong'oka.

Nimechomelea vyuma hapa Tanga miaka 22. Mageti, madirisha, vitanda, mikokoteni. Hakuna kazi inayonirudia kama nguzo za kuanikia nguo, na sababu haibadiliki: watu wanaamini kamba inafanya tumbo kwa kuwa haikukazwa vya kutosha. Nimechoka kulieleza hili mlangoni kwa mteja mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalieleza hapa kwa urefu.

Kamba iliyonyooka kabisa haiwezi kubeba kitu. Hata soksi. Uzito wa nguo unavuta kwenda chini, na kamba haina njia ya kuvuta kwenda juu isipokuwa kwa ule mteremko wake kutoka kwenye nguzo kuja katikati. Ukipunguza mteremko, kamba inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi kubeba uzito uleule. Ukitaka kuuondoa mteremko wote, hakuna nguzo duniani itakayotosha, iwe ya inchi mbili au ya inchi sita.

Nitaieleza kwa mifuko ya saruji ya kilo 50, maana hiyo kila mtu amewahi kuibeba au kuiona ikibebwa. Chukua kamba ya mita 10 yenye nguo mbichi za kilo 20 zilizotandazwa sawasawa. Kilo 20 si nyingi: mashuka mawili matatu ya pamba yaliyokamuliwa kwa mikono, taulo, suruali za jinzi, umeshafika. Ukiiacha kamba ifanye tumbo la sentimita 50 katikati, kila nguzo inavutwa kwa uzito wa kilo 50, mfuko mmoja. Ukiikaza mpaka tumbo libaki sentimita 10, kila nguzo inavutwa kwa kilo 250. Mifuko mitano. Libaki sentimita 5, ni mifuko kumi. Nguo hazijaongezeka hata leso. Kilichoongezeka ni ukaidi wa mwenye koleo. Anayetaka kuhakiki achukue uzito wa nguo, azidishe kwa urefu wa kamba, kisha agawanye kwa tumbo mara nane.

Na mvuto huo uko juu, mita moja na sentimita tisini kutoka ardhini, kwa hiyo nguzo inakuwa mtaimbo unaong'oa zege lake lenyewe. Ndiyo maana bomba nene halisaidii. Bomba nene halipindi, ila linahamishia balaa kwenye zege, na kama kamba imefungwa ukutani, linahamia kwenye tofali. Nimeona ndoano ikitoka na kipande cha ukuta.

"Sasa fundi, tuache nguo ziburure chini?" Hapana, na hapa wateja wana haki. Kanzu ya mtu mzima ikibanwa mabegani inataka karibu mita moja na nusu mpaka chini. Kamba iliyofungwa kwenye mita moja na tisini ikishuka nusu mita, pindo linagusa mchanga. Mchanga si uchafu tu. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na buu lake huingia ngozini na kufanya jipu. Mama zetu waliposisitiza nguo zipigwe pasi pande zote, hata chupi na nepi za mtoto, walikuwa wanaua mayai hayo.

Dawa ni mwega. Mti mmoja unaoinua kamba katikati, kichwani una panda, chini una kitako. Bibi zetu waliutumia. Ninaotengeneza mimi ni wa mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine, na pini inayoshika urefu unaoutaka.

Angalia mwega unachofanya kwenye hesabu. Kamba ya mita 10 imekuwa kamba mbili za mita 5, kila moja na kilo 10. Watu hunijibu haraka kwamba mvuto umepungua nusu. Umepungua mpaka robo, kwa sababu uzito wa kila kipande umekatwa nusu na urefu nao umekatwa nusu. Kwa tumbo lilelile la sentimita 10, zile kilo 250 zinakuwa 62 na nusu. Mwega wenyewe unabeba mzigo mdogo, nusu ya uzito wa nguo na ziada kidogo. Kwa hiyo msiniambie niutengeneze kwa bomba la geti. Mwega mzito mwanamke hawezi kuusogeza, atauacha umelala ukutani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Mtu ananunua mwega, anafika nyumbani, na bado anaikaza kamba! Anafikiri mwega ni msaada wa kukaza. Matokeo yake, balaa alilolikimbia linarudi kwa mlango mwingine.

Sikilizeni. Waya wa chuma wa milimita mbili na nusu, mita 10, umenyooshwa vizuri. Unauinua katikati sentimita 30 kwa mwega. Ili upande hivyo unahitaji urefu wa ziada ambao haufiki sentimita 2. Sentimita 2 tu, upana wa kidole gumba. Lakini chuma hakitoi hizo sentimita bure: kuuvuta waya huo urefuke kiasi hicho ni karibu kilo 180, kabla hujaanika hata kitambaa. Umekwepa mifuko mitano ya nguo, ukajiwekea mitatu na nusu ya mwega wako mwenyewe. Kisha unaniita mimi.

Kwa hiyo kamba ifungwe imelegea kwa makusudi. Ulegevu huo ndio mwega unaoutumia. Kwenye kamba ya mita 10 nataka sentimita 4 au 5 za ziada, wala huhitaji futi kupima. Simama katikati, ishike kamba uivute chini bila kutumia nguvu. Ishuke mkono mmoja, ule wa mafundi nguo wa zamani, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ikishuka kiganja tu, ilegeze. Ikifika kwenye goti lako, punguza.

Kamba iliyofungwa hivyo, nguo zikiwa juu yake na mwega umesimama, katikati inafika kama mita 2 na sentimita 20, kila upande unafanya tumbo la sentimita 15 hivi, na nguzo zinavutwa kwa kilo 40 na kidogo. Hazifiki hata mfuko mmoja. Nguzo ya inchi moja na nusu, ile ya kwanza kabisa iliyolaumiwa na kutupwa, ingetosha.

Na hapo ndipo utaona kwa nini mwega uwe wa kurefushwa na kufupishwa. Wengi wanadhani ni kwa ajili ya kamba inayolegea na umri. Hilo lipo, lakini kazi yake ya kila siku ni nyingine. Unapoanika unataka kamba iwe chini, kifuani, ili usinyanyue mikono na shuka zito lenye maji. Ukimaliza unaipandisha upepo upite. Wakati wa kuanua unaishusha tena. Mama mwenye mgongo mbovu akianika kwenye kamba iliyokazwa juu anaumia kila Jumamosi, na tunamwambia apande kwenye stuli.

Utengenezaji nitaupitia haraka. Bomba la maji la inchi moja linaingia ndani ya la inchi moja na robo likiwa na mwanya wa milimita 2 hivi. Usitafute la kubana zaidi. Chumvi ya bahari italigandisha kabla masika hayajaisha. La nje mita 1.4, la ndani mita 1.2, na hata mwega ukiwa mrefu kabisa sentimita 30 zibaki ndani, la sivyo unakatika kiunoni. Matundu kila sentimita 10. Pini ya nondo ya milimita 8, ifungwe kwa mnyororo mwembamba, maana pini isiyofungwa watoto hawaiachi. Toboa tundu la kutolea maji chini. Panda ya kichwani ipigwe grenda mpaka iwe laini kabisa, kwa kuwa ncha moja kali inakula kamba kwa wiki chache. Na ukichomelea bomba lenye zinki, isugue zinki yote kwanza. Moshi wake unaleta homa usiku, na maziwa mnayokunywa hayautoi mapafuni.

Kuhusu kamba yenyewe, manila ya plastiki inarefuka na mzigo na jua linaifanya iwe unga. Ifunge na ulegevu pungufu, uikague kila baada ya miezi michache. Katani ninaipenda, na nani Tanga asiyeipenda? Zao hili ndilo lililotujengea mji tangu Mjerumani Richard Hindorf alipolileta mwaka 1893. Lakini mjue tabia yake: ikilowa nyuzi zinavimba na kamba inafupika. Aliyeikaza katani wakati wa jua, mvua ya usiku itamkazia mara ya pili akiwa amelala. Kwa pwani mimi nachagua waya uliovikwa plastiki, na ncha zake zifungwe vizuri mvuke wa chumvi usiingie.

Yapo mambo mawili ambayo bado yananisumbua, na sitayaficha.

La kwanza ni upepo. Mashuka manne kwenye kamba ni tanga la ngalawa. Mimi hukiweka kitako upande upepo unakoelekea na kichwa nakiegemeza kidogo kule unakotoka, ili upepo uusimamishe mwega badala ya kuulaza. Kusi likivuma nakiweka upande mmoja, kaskazi likiingia nakihamisha. Inafanya kazi kwa upepo wa kudumu. Kwa zile siku za upepo wa kugeukageuka kabla ya vuli, mwega wangu umeangushwa mbele ya macho yangu, nguo nyeupe zikalala kwenye tope. Nimejaribu kitako cha miguu miwili na nimejaribu kuchimbia kipande cha bomba ardhini mwega uchomekwe humo. La bomba linashika vizuri zaidi, lakini watoto wanalijaza mawe na watu wanajikwaa. Sijaridhika na lolote.

La pili ni kwamba mti wa kawaida wenye panda, wa mwarobaini, unafanya sehemu kubwa ya kazi hii bila pini wala grenda. Mti wa mita 2.2 ukiusimamisha unainua mpaka juu. Ukisogeza kitako pembeni ulale kwa nyuzi 30 kutoka wima, kamba inashuka mpaka mita 1.9, ukiulaza nyuzi 45 inashuka mpaka mita moja na nusu na ushee. Mama yangu alirekebisha kamba yake hivyo miaka yote. Kwenye uwanja wa mchanga au udongo unatosha, na ninawaambia wateja hivyo hata nikikosa kazi. Wangu wa chuma unafaa zaidi kwenye sakafu ya saruji, ambako mti uliolazwa unateleza, na kwenye ua mwembamba ambako hakuna nafasi ya kuulaza.

Turudi kwa yule kijana. Nilikataa kubadilisha bomba. Nilikwenda na mtaimbo, nikazirudisha nguzo zilezile wima, nikashindilia mawe na zege jipya, na baada ya siku nne nikarudi kufunga kamba. Mama mwenye nyumba alitoka na beseni, akaiangalia kamba ilivyokaa, akaniuliza, "Fundi, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Akaivuta kwa mkono, ikashuka, akaniuliza tena. Nikamwomba aanike. Akatandaza khanga na mashuka ya vitanda vinne, kamba ikiwa usawa wa kifua chake. Nikaingiza mwega katikati, nikavuta bomba la ndani, nikachomeka pini. Mashuka yakapanda yote kwa pamoja na kusi likayapokea.

Nilikwenda nikaishika nguzo, nikamwita naye aishike. Haikutikisika. Alisimama hapo kitambo, kisha akaomba niongeze tundu moja la chini zaidi, kwa ajili ya mama mkwe wake ambaye mikono haipandi. Nililitoboa palepale.