Hadisiki kwenye friza? Hapana jamani

Hii ya kuweka hadisiki (kile kifaa kinachotunza mafaili) ya laptop iliyokufa kwenye friza ili ifufuke imezunguka miaka mingi sana na bado watu wanashauriana hivyo hivyo. Haikutoka hewani, zile disiki za zamani kichwa cha kusomea kilikuwa kinaweza kunata kwenye sahani (lile duara linaloandikwa data), ukiipoza vyuma vinasinyaa kidogo basi mara mojamoja inaachia. Za siku hizi ni habari nyingine, sahani inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na kichwa kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, sasa ukiitoa kwenye baridi unyevu unageuka matone ya maji humo ndani (umeona soda ya baridi inavyotoka jasho?) ukiwasha tu kichwa kinaweza kukwangua sahani na mafaili ndo yameenda. SSD (disiki ya chipu tupu) ndo kabisa, haina hata kinachozunguka.

Kama laptop haiwaki ila disiki haigongigongi, itoe, ichomeke kwa kebo ya kuunganisha disiki na USB kwenye mashine nyingine, kopi picha na dokumenti kwanza. Ikigonga tak tak, zima, mpelekee fundi wa data.