Je, wajua nani hasa wa kulaumiwa makampuni ya magari yakiyumba wakati wa mdororo?

Tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili tu kabla ya Krismasi, kiwanda cha General Motors (GM) cha Janesville, jimbo la Wisconsin huko Marekani, kilitoa gari lake la mwisho la GM. Lilikuwa Chevrolet Tahoe, lile shangingi la safu tatu za viti. Chevrolet zilianza kutoka kiwanda hicho mwaka 1923, kwa hiyo kuna watu waliokuwa kwenye laini siku ile ambao baba zao na babu zao walishapita humo humo, na gari lilipofika mwisho wa laini hakukuwa na lingine nyuma yake.

Mwezi mmoja kabla, mabosi watatu walikuwa Washington mbele ya Bunge wakiomba wakopeshwe dola bilioni 25: Rick Wagoner wa GM, Robert Nardelli wa Chrysler na Alan Mulally wa Ford. Kila mmoja alikuja na ndege ya kampuni yake, wabunge wakawauliza pale pale mbele ya kamera mtu anakujaje kuomba hela za walipakodi kwa usafiri wa namna hiyo, nchi nzima ikawaka. Wagoner alijitetea kwamba kilichowafikisha pale ni mgogoro wa fedha wa dunia, sio magari yao. Wanasiasa wengine wakasema tatizo ni chama cha wafanyakazi, wengine wakasema benki. Na mpaka leo uchumi ukitetereka kidogo na kampuni ya magari ikianza kulia, ubishi ni ule ule. Sasa nani hasa?

Tuanze na uchumi wenyewe maana kweli una mkono wake. Gari ni kitu kinachoahirishika. Chakula utanunua, kodi ya nyumba utalipa, dawa ya mtoto utatafuta, lakini gari unabadilisha oili, unaweka breki pedi mpya, unasema hili litanisogeza mwaka mwingine. Wakisema hivyo watu milioni kadhaa kwa wakati mmoja basi shorumu zinabaki kimya. Marekani mwaka 2007 yaliuzwa magari mapya kama milioni 16, mwaka 2008 yakashuka mpaka milioni 13 na kidogo, 2009 yakawa milioni 10.4. Halafu kule watu wengi hawanunui keshi, wananunua kwa mkopo au wanakodi kwa miaka mitatu hivi kisha wanarudisha, kwa hiyo benki zikifunga mkono hata mwenye kazi na mshahara wake mzuri hapati gari. Benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008, na kesho yake, tarehe 16, GM ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu ianzishwe. Yaani siku ya birthdei yenyewe ndio mikopo inakauka nchi nzima.

Sasa kwa nini kushuka kwa mauzo kunaumiza kiwanda cha magari kuliko biashara nyingine nyingi? Chukua mfano wa kiwanda chenye gharama za lazima za dola milioni 100 kwa mwezi, mashine, majengo, riba za madeni, pensheni, vitu ambavyo unalipa utengeneze gari usitengeneze. Ukitoa magari 10,000 kila gari linabeba dola 10,000 za gharama hizo. Mauzo yakishuka ukatoa magari 6,000, kila moja linabeba karibu dola 16,700, na hapo hujanunua hata bati la mlango. Na bei huwezi kupandisha maana wateja wenyewe hawapo, tena inabidi upunguze ili yaliyojaa yadi yaondoke. Ndio maana hela inayeyuka kwa kasi ambayo mtu wa nje haamini.

Na ilimpiga kila mtu. Hata Toyota, ambao ndio mwaka huo wa 2008 waliipita GM kwa mauzo duniani, walipofunga hesabu za mwaka ulioishia Machi 2009 walikuwa na hasara, ya kwanza tangu 1950. Ford nao mwaka 2008 walipoteza zaidi ya dola bilioni 14. Kwa hiyo anayesema mdororo haukuwa na kosa anakosea.

Lakini Toyota hawakwenda mahakamani kuomba kufilisiwa. Ford nao hawakwenda. GM na Chrysler walikwenda. Mvua ilikuwa moja, nyumba zilizobomoka ni mbili, na hapo ndipo mimi naanza kuwaangalia waliojenga.

Angalia Ford kwanza. Mwaka 2006, wakati uchumi bado unaonekana mzima, walimleta Mulally kutoka Boeing, na mwisho wa mwaka huo wakakopa kama dola bilioni 23.6 wakiweka rehani karibu kila kitu, viwanda, hataza, mpaka ile nembo yao ya bluu. Watu waliona ni dalili ya kampuni inayokata roho. Miaka miwili baadaye benki zote zimefunga milango, Ford wana hela ndani, mkopo wa dharura ambao serikali ilitoa mwishoni mwa 2008 wakauacha. Mulally alikwenda Bungeni kuwasemea zaidi wenzake, kwa sababu wauza vipuri ni wale wale, GM ikianguka vibaya anayetengeneza viti na taa anaanguka nayo na Ford inakosa viti na taa.

Sasa GM. Mwaka 2005 Wamarekani walinunua karibu magari milioni 17, mwaka mzuri kabisa, na mwaka huo huo GM ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Soma tena hapo. Mdororo haujafika, Lehman bado ipo, mafuta hayajafika bei ya 2008, na kampuni inapoteza mabilioni. Mi kila nikisikia mtu anasema ni uchumi tu ndio uliwaua namrudisha kwenye mwaka huo.

Walikuwa na majina manane Marekani: Chevrolet, Pontiac, Buick, Cadillac, GMC, Saturn, Saab na Hummer, kila moja na matangazo yake na madila wake, yaani wauzaji wenye shorumu, mengine yanauza gari lile lile lililobadilishwa grili na taa. Waliojua lazima yapunguzwe walikuwepo lakini kufunga jina ni kugombana na madila, na madila wanalindwa na sheria za majimbo, basi ikawa kila mwaka wanasogeza mbele. Faida ilitoka kwenye pikapu na mashangingi kama ile Tahoe ya Janesville, gari dogo likawa linatengenezwa shingo upande. Petroli ilipovuka dola 4 kwa galoni katikati ya 2008, kile kilichokuwa kinawalisha ndicho kikageuka mzigo.

Ila hapa siwaachi wanasiasa wapite. Unajua kwa nini Detroit, yaani hayo makampuni matatu, ilizama kwenye pikapu? Mojawapo ni kuku. Miaka ya mwanzo ya 1960 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani, Marekani ikalipiza, na kuanzia 1964 ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo yanayotoka nje. Ugomvi wa kuku ukaisha, ushuru wa pikapu ukabaki mpaka leo. Kwa hiyo kwenye gari la saluni unapambana na Mjapani uso kwa uso, kwenye pikapu una ukuta wa kukulinda, utachagua wapi? Juu ya hapo, mwaka 2003 sheria ya kodi ikamruhusu mwenye biashara kukata mpaka dola 100,000 za bei ya gari zito kwenye mapato yake mwaka ule ule, madaktari na mawakili wakanunua Hummer. Kiwango cha kisheria cha matumizi ya mafuta kwa saluni kilikaa maili 27.5 kwa galoni tangu 1990 bila kuguswa kwa miaka 20. Bunge lile lile lililowakaripia mabosi ndilo lililopitisha baadhi ya hayo na kuyalea mengine.

Twende kwa wafanyakazi, maana wao ndio walipigwa zaidi na maneno na mimi hili linaniuma. Kipindi kile ilizunguka namba ya dola zaidi ya 70 kwa saa, kwamba eti mfunga nati wa Detroit analipwa dola 73 kwa saa, watu wanaolipwa 15 wakachukia kweli kweli. Mshahara wenyewe ulikuwa kama dola 28 kwa saa. Zilizobaki ni ovataimu, likizo, bima ya afya, michango ya pensheni, na juu yake gharama za wastaafu wote zimegawanywa kwa masaa ya walioko kazini. Hiyo ya mwisho ndio inayokuza namba. Mwaka 1979 GM ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki sita Marekani, ilipofika mwisho wa 2008 wamebaki kama elfu tisini. Wale laki kadhaa wa zamani hawakupotea, walizeeka, na matibabu yao yakawa yanahesabiwa kwa mtu mmoja aliyebaki kwenye laini kana kwamba hela hizo anazipeleka yeye nyumbani kwake.

Na hizo pensheni na bima hazikuporwa. Zilisainiwa mezani, mkataba mkubwa ukiwa ule wa 1950 kati ya GM na UAW, chama cha wafanyakazi wa magari kilichoongozwa na Walter Reuther. Reuther mwenyewe kwa miaka mingi alipigania bima ya afya ya nchi nzima, serikali ibebe, isimfuate mtu kupitia kampuni. Haikupita. Makampuni yakaona ni rahisi kuahidi malipo ya uzeeni kuliko kuongeza mshahara leo, maana deni la kesho litamkuta bosi mwingine. Nissan au Honda aliyejenga kiwanda Tennessee au Ohio miaka ya 1980 hakuwa na wazee wa kuwalipa, basi kila gari la GM likawa linatoka na zaidi ya dola 1,000 za matibabu ndani yake kabla ya kushindana. Chama nacho kina kosa, ule utaratibu wa kumlipa karibu mshahara wote mtu ambaye kazi yake imefutwa ulidumu kupita kiasi. Lakini mfanyakazi hakuchora Hummer, hakuamua majina yawe manane, na hakuingiza GMAC, mkono wa mikopo wa GM, kwenye biashara ya mikopo ya nyumba ambayo ilikuja kuoza.

Kwa hiyo jibu langu: mdororo ulisukuma, Bunge lililainisha ardhi, lakini aliyejenga nyumba inayohitaji mwaka mzuri kila mwaka ni ofisi ya juu, tena sio Wagoner peke yake, ni mabosi wa miaka 30.

Bili ilikwenda wapi? Rais Bush aliwatolea GM na Chrysler mkopo wa dola bilioni 17.4 tarehe 19 Desemba 2008. Obama akaingia, Wagoner akaondolewa Machi 2009, Chrysler ikaingia mahakamani tarehe 30 Aprili, GM tarehe 1 Juni, ikatoka Julai ikiwa imeamua kuachana na Pontiac, Saturn, Saab na Hummer. Walipakodi waliweka GM karibu dola bilioni 50, na kati ya hizo zaidi ya bilioni 10 hazikurudi. Wafanyakazi walikubali kuachia nyongeza ya mshahara inayofuata kupanda kwa gharama za maisha, na waajiriwa wapya wakawa wanaanza na kama nusu ya mshahara wa mtu aliyesimama pembeni yao kwenye laini ile ile wakifunga mlango ule ule.

Tarehe 15 Septemba 2023, miaka 15 kamili tangu Lehman ianguke, UAW waligoma kwa makampuni yote matatu kwa pamoja, mara ya kwanza katika historia yao. Wiki sita hivi baadaye walikuwa wamepata makubaliano, na ile nyongeza waliyoiachia 2009 ikarudi. Janesville haikuwahusu tena, kiwanda kilishauzwa na kubomolewa.