Mhamiaji anaweza kuwa balozi wa Marekani

Wengi huamini kwamba Marekani haimpi ubalozi mtu aliyezaliwa nje. Si kweli. Katiba yao inadai uraia wa kuzaliwa kwa rais na makamu wake tu. Mhamiaji akishapata uraia, rais anaweza kumteua, na Seneti ikamthibitisha kwa wingi wa kawaida wa kura.

Mtazame Carl Schurz, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1850 alimtorosha profesa wake kutoka gereza la Spandau, Ujerumani. Mwaka 1852 akahamia Marekani, akawa wakili Wisconsin, na mwaka 1861 Rais Lincoln akamtuma Hispania kuiwakilisha Marekani. Kilicholeta ubishi ni historia yake: waziri wa mambo ya nje, Seward, alihofia kumpeleka mwanamapinduzi kwenye ufalme. Hofu ya maana kabisa, maana hata leo, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, nchi mwenyeji inaweza kumkataa balozi bila kutoa sababu.