Je, wajua mafuta ya chini ya bahari ya Mombasa ni ya nani?

Simba, Maridadi, Kofia, Pomboo, Mbawa, Kubwa, Kiboko, Mlima. Ungedhani ni majina ya mashua zilizofungwa Bandari ya Kale. Kumbe ni visima vilivyotobolewa katika bahari ya Kenya: Simba mwaka 1978, Maridadi na Kofia miaka ya 1980, Pomboo 2007, Mbawa 2012, Kubwa na Kiboko 2013, na Mlima mwishoni mwa 2021. Mbawa kilionyesha gesi, lakini si ya kiasi cha biashara. Mafuta yenyewe yalipatikana mwaka 2014 katika kisima kingine, nacho ndicho kilichokosa jina la Kiswahili: Sunbird. Hayo pia hayakutosha kulipa gharama ya kuyatoa.

Lakini tuseme yangetosha. Yangekuwa ya nani? Ya wavuvi wanaotega nyavu huko juu, ya Kaunti ya Mombasa, au ya kampuni iliyoleta mtambo? Suala hili huzua ubishi mkali barazani, na wabishi wengi husahau kuuliza mambo mawili kwanza: ni umbali gani kutoka pwani, na unazungumzia maji au ardhi iliyo chini ya maji?

Umbali umepimwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989. Maili 12 za baharini za mwanzo, yaani kama kilomita 22, ni sehemu ya nchi kama Changamwe ilivyo sehemu ya nchi, ila meli za kigeni zina haki ya kupita kwa amani. Kutoka hapo hadi maili 200, kama kilomita 370, mambo hugeuka. Maji si mali ya Kenya tena. Meli inayotoka Mumbai hupita bila kubisha hodi kwa mtu. Samaki walio ndani ya maji hayo, pamoja na mafuta na gesi zilizo chini yake, ndivyo ambavyo Kenya pekee ina haki ya kuvitumia.

Na haki ya ardhi ya chini ina nguvu ya ajabu. Mkataba unasema haitegemei nchi kuikalia wala kuitangaza. Hata Kenya ikikaa miaka mia bila kutoboa shimo moja, hakuna kampuni wala dola itakayoweza kushusha keekee pale kwa hoja kwamba mwenyewe amelala. Baharini, kwa mafuta, hakuna "aliyetangulia ndiye mwenyewe".

Shida huja pale bahari za majirani zinapogusana. Na Tanzania tulikubaliana mpaka mapema, miaka ya 1970. Na Somalia ilikuwa kesi: ilifunguliwa 2014 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021. Kenya ilitaka mstari unyooke mashariki, Somalia ikataka ushuke kusini mashariki. Mahakama ikachora wake katikati, ulioegemea zaidi upande wa Somalia, na Kenya ikaikataa hukumu hiyo. Kwa maoni yangu, hilo linaumiza utafutaji wa mafuta kuliko watu wanavyodhani. Nani atatumia mamilioni ya dola kutoboa kwenye kitalu, yaani kipande cha bahari, ambacho kesho ataambiwa si cha aliyempa?

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaweka mafuta, bahari na sakafu yake katika ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inavishika kwa amana ya wananchi wote. Kwa hiyo kaunti haiwezi kutoa kibali cha kutoboa. Mkataba wa kutafuta mafuta hutolewa na serikali ya kitaifa chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Bahari imekatwa vitalu vyenye majina makavu kama L8 na L10A, na kampuni hutoboa kwa pesa zake. Ikikosa, hasara ni yake. Ikipata, hurudisha gharama zake kwanza, kisha faida inayobaki inagawanywa kati yake na serikali. Kabla ya hayo yote lazima kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Mvuvi anaingia wapi? Mkataba wa bahari unaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka mtambo, ambamo hata dau halipiti. Kelele za meli za utafiti, zinazopiga mawimbi ya sauti hadi chini ya sakafu ya bahari, wavuvi huzilalamikia pia, na hizo huja miaka mingi kabla ya tone la mafuta.

Kisha kuna mgawo. Sheria ya 2019 inasema katika fungu la serikali, asilimia 75 iende serikali ya kitaifa, 20 kaunti, na 5 jamii ya mahali. Kwa Turkana, ambako mafuta yako nchi kavu, hesabu hiyo inaeleweka, kwa sababu jamii ya mahali ni watu wa kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Baharini hesabu inakwama. Kisima kilicho kilomita mia kutoka ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, hakimo Mvita, wala Likoni, wala Kisauni. Jamii yake ni ipi? Mvuvi wa Mji wa Kale, au wa Kilifi, au yule wa Vanga ambaye hufuata samaki hadi huko msimu wa kaskazi?