Kidonda kimefunga, ila ubongo je?

Ile meseji ya "kijana aliyeumia kichwa, CT scan ikiwa safi basi kapona, hasira zilizobaki ni ukaidi tu" bado inazunguka kwenye magrupu, jamani tuache kuifowadi. CT, yaani ile picha ya ndani ya kichwa, inaonyesha damu iliyovuja au fuvu lililovunjika, ila nyuzi ndogo za ubongo zikiumia inaweza isionyeshe kitu, ndo maana mtoto anasahau, anachoka, anafoka. Tunachanganyikiwa kwa sababu kwa nje yuko fiti, na ujana nao una makelele yake. We linganisha alivyokuwa kabla ya ajali na sasa, muulize na mwalimu wake, kisha mrudishe kwa daktari. Na ushauri wa familia kwa video, yaani mnaongea na mshauri kwa simu ya video, sio porojo: mnachagua tatizo moja, tuseme homuweki, mnapanga njia pamoja, mnaijaribu nyumbani, mnarudi kwa mshauri kuona imefika wapi.